Maneno Ambayo Mwanatatu Hakuyasema

Mwanatatu binti Athumani ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameipitisha akitunga asumini pale Jomvu Kuu. Kila siku baada ya adhuhuri huchuma matumba uani kwake, akayatandaza juu ya kitambaa kilicholowa maji, na inapokaribia alasiri hukaa kibarazani na sindano na uzi, akatunga vikuba, vishada vya maua ya kujipamba: asumini, rehani, na mkadi ukipatikana. Jua likianza kupoa, wanunuzi hupita. Wanawake hujinunulia wenyewe. Maharusi huagiza vikapu vizima. Waume nao huja wakitoka kazini, bandarini au viwandani Changamwe. Wengine husema wazi kuwa wanampelekea mke, wengine hukitia kikuba mfukoni kimyakimya kana kwamba wamebeba kitu cha magendo.

Hawakuwa na siku maalumu. Ismail, dereva wa winchi, alikuja kila Alhamisi kwa ajili ya mkewe Swabra, na alikuja hivyo kwa miaka kumi na moja. Mwingine alikuja siku aliyogombana na mkewe asubuhi. Mwingine alikuja mara mbili kwa wiki moja, kisha asionekane hadi mvua za masika.

Mwanatatu si mtu wa kuamini haraka. Akiambiwa samaki ni wa leo, atamfunua mashavu. Akiletewa salamu na mtu asiyemjua, atauliza kwanza zimepitia kwa nani. Kwa hiyo Januari mwaka juzi, walipoingia uani kwake watu wawili wenye viatu safi, mwanamke aliyeshika daftari na mwanamume mwenye kamera shingoni, alisimamisha sindano hewani akawatazama mpaka wakasita.

"Shikamoo mama," alisema yule mwanamke. "Mimi naitwa Mercyline. Huyu ni mwenzangu, Fidel."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Changamwe, mama. Nimezaliwa hapo hapo, ingawa wazazi wangu walitoka bara." Alitaja kampuni moja ya sabuni na marashi anayoifanyia kazi. "Tunataka kuhifadhi mila za Pwani."

"Kuzihifadhi wapi?"

Mercyline alicheka. Mwanatatu hakucheka, aliuliza kwa dhati.

Walimkalisha upande wenye mwanga, Fidel akawa anapiga picha, wakamwekea kidude cha kunasa sauti karibu na mkeka. Mercyline akaanza kuuliza, kwa adabu na kwa uvumilivu, kama daktari anayetafuta mahali panapouma.

"Zamani, mume alikuwa akimletea mke kikuba siku gani?"

"Siku aliyomkumbuka."

"Lakini hakukuwa na siku kubwa? Labda mwezi wa pili hivi, asumini zikichanua sana?"

"Asumini huchanua ikinyweshwa maji."

"Na wazee walikuwa wakisemaje kuhusu mwanamke asiyeletewa?"

"Mwanamke asiyeletewa asumini," alisema Mwanatatu, "hujichumia mwenyewe, akajipamba, na maisha yakaendelea."

Mercyline aliandika kitu kwenye daftari lake. Mwanatatu alitambua kuwa alichoandika kilikuwa kirefu kuliko alichoambiwa, na tangu hapo akawa anajibu kwa neno moja moja.

Mwishowe Fidel alitoa karatasi. Alisema ni ya kawaida tu, ya ruhusa, atie sahihi hapa na hapa. Mwanatatu akasema miwani yake imevunjika, hawezi kutia sahihi kitu asichokisoma, waje siku nyingine. Miwani ilikuwa nzima chini ya mkeka, karibu aikalie. Wageni walipoondoka aliitoa, akaivaa, akawatazama hadi walipopinda kona ya msikiti.

Hawakurudi wiki ile, wala iliyofuata. Akadhani wamekata tamaa.

Mwanzoni mwa Februari alikuwa dukani kwa Nguma akinunua uzi. Redio ilikuwa imewashwa. Ukapigwa udi, taratibu, kisha akasikia sauti anayoijua lakini hakumbuki ni ya nani. "Mwanamke asiyeletewa asumini..." ilisema sauti hiyo, ikakatika. Akaingia mwanamke mwingine, mwenye sauti laini: "...hujiuliza kama kweli anapendwa. Ndivyo walivyosema nyanya zetu. Februari kumi na nne, siku ya kikuba. Mpe Sanduku la Huba."

Nguma alimgeukia huku akitabasamu kwa meno yote. "Bi Mwanatatu! Siku hizi u redioni!"

Mwanatatu aliusahau uzi juu ya kaunta akatoka nje. Alipofika njia ya Mikindani akauona uso wake. Ulikuwa juu ya bango, mkubwa kuliko mlango, ameinamia asumini zake. Walikuwa wameufanya mtandio wake uwe mwekundu, na yeye hana mtandio mwekundu. Chini ya kidevu palikuwa na sanduku dogo lililofungwa utepe, na maandishi: Mila yetu tangu zamani.

Alisimama pale mpaka mtu mmoja akampigia honi.

Siku zilizofuata ziliwageuza watu wa mtaa. Wasichana walimpungia mkono. Wanawake waliomjua tangu wakiwa wadogo walimtazama kwa namna mpya, kama mtu aliyewaficha kitu. Swabra, mke wa Ismail, alimwendea kibarazani asubuhi na mapema, hata hajapiga hodi.

"Kumbe kuna siku, na wewe hukuwahi kutuambia!"

"Hakuna siku, Swabra. Wameikata kauli yangu katikati wakaunganisha na ya kwao."

"Ni sauti yako. Nimeisikia na masikio yangu."

"Nusu ni yangu."

"Na bango je? Nalo ni nusu?"

Mwanatatu alishusha pumzi. "Mwanangu, mumeo akuletea asumini kila Alhamisi. Miaka kumi na moja sasa. Mimi ndiye ninayezifunga. Wataka nini zaidi?"

"Alhamisi ni mazoea," alisema Swabra. "Hata kuku hupewa pumba kila siku. Siku yenyewe ni hii, na juzi nimemuuliza ana mpango gani, akanitazama kama sijui nimesema nini. Mtu asiyekuwa na la kuficha hutazama hivyo?"

Alikuwa na macho mekundu. Mwanatatu alitaka kucheka, akaona si jambo la kuchekwa. Mwanamke huyo alikuwa amelala na mumewe kwa amani mpaka wiki iliyopita, na sasa alikuwa akimchunguza Ismail kila anapotoka, anaposhika simu, anaposahau kujibu.

Siku yenyewe ikafika. Mchana kutwa masanduku mekundu yalipita mbele ya kibaraza. Mtu mmoja alimletea lake amwonyeshe kwa fahari. Ndani mlikuwa na kichupa cha marashi, sabuni ya umbo la moyo, na kikuba cha vitambaa vyeupe vilivyobandikwa gundi. Mwanatatu alikinusa. Kilinuka sabuni. Asumini zake mwenyewe siku hiyo zilibaki nyingi kwenye kitambaa, zikafunguka zote jua lilipopoa, hana wa kumuuzia.

Ndipo mumewe, Mbwana, akaingia uani amebeba sanduku jekundu.

Mbwana ni mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno machache. Miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumletea mkewe ua, na mkewe hakuwahi kulitarajia. Nani ampelekee maji mwenye kisima? Alimwekea sanduku mapajani akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali.

"Hii nini?"

"Zawadi."

"Umefanya nini?"

"Mume hawezi kumletea mkewe zawadi?"

"Aweza. Lakini wewe hukuleta miaka yote hii. Ndiyo nauliza. Umefanya nini?"

Mbwana alisema hajafanya kitu, akaenda zake msikitini mapema kuliko kawaida yake. Mwanatatu akaachwa na sanduku. Hakufungua utepe. Kwa watu wa rika lake, mume anayeanza ghafla kuleta vitu huwa ana habari ya kutangaza, na habari hiyo mara nyingi ina jina na nyumba yake mwenyewe upande wa pili wa mji. Alipekua mifuko ya kanzu. Hakukuta kitu isipokuwa tasbihi na pipi ya tangawizi. Alimtazama akila, alimtazama akilala. Siku mbili alizungumza naye kwa upole mwingi, na Mbwana, anayemjua, akazidi kuogopa.

Siku ya tatu alikwenda kwa Nguma.

"Sanduku la Mbwana alilinunua hapa?"

Nguma alikuna kichwa. "Hakununua, Bi Mwanatatu. Alipewa. Yule bwana wa kamera alikuja siku uliyopeleka vikapu harusini Kisauni. Walikaa hapa hapa kwenye benchi, wakaandikishana, ndipo akamwahidi sanduku."

"Wakaandikishana nini?"

"Mimi sikusoma."

Mwanatatu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alirudi nyumbani akamkuta Mbwana ameinama shinani mwa asumini na ndoo. Hakusubiri ainuke.

"Umeniuza."

Mbwana aliiweka ndoo chini polepole. "Waliniambia ni karatasi ya kawaida. Waliniambia wewe umeshakubali, umekosa miwani tu."

"Na wewe ukaamini?"

"Sikuamini sana."

"Basi kwa nini?"

Mbwana alifuta mikono kwenye shuka, kwanza huu, kisha ule. "Yule bwana aliniuliza, mzee, wewe humpa mama nini siku ya wapendanao? Nikatafuta la kusema. Nikatafuta wallahi, nikakosa. Akasema, kweli mzee? Hata mara moja? Naye ni mtu niwezaye kumzaa. Nikaona haya. Akasema usijali, tutakupa sanduku, umpelekee, wewe tia sahihi tu. Nikatia."

Mwanatatu alitazama ndoo. Alfajiri zote hizo, kabla hajaamka, maji yalikuwa yameshachotwa na mashina yameshanyweshwa. Mvua ikichelewa, Mbwana huchota mara mbili. Wala yeye hakuwahi kuliita jambo hilo zawadi, wala mumewe. Ilimjia kumwambia: hili je, hukulikumbuka? Hakusema. Bado alikuwa na hasira, na pia aliogopa kuwa akilitamka, nalo litaishia kwenye bango.

Kesho yake alivaa buibui na miwani, akaenda ofisini kwa wale watu, jengo la ghorofa moja nyuma ya viwanda vya Changamwe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa tatu hadi saa sita kasoro, akakataa soda aliyoletewa. Mercyline alipotoka alimpeleka chumba cha pembeni akafunga mlango.

"Mama, sheria iko sawa. Mzee ametia sahihi."

"Uso ni wa mzee?"

Mercyline alimsogezea kiti.

"Nambie kitu kimoja, nami nitaondoka," alisema Mwanatatu. "Hilo neno la nyanya zetu, kuwa hujiuliza kama anapendwa. Ni nyanya wa nani? Wangu simfahamu aliyesema hivyo. Wako?"

Mercyline alitazama mlango kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niliandika mimi, mama. Nilikuwa na orodha ya maneno arobaini. Bosi akalipenda hilo. Lilinichukua dakika chache, kabla ya chakula cha mchana."

"Na wewe unaliamini?"

"Mchumba wangu hakuniletea kitu mwaka huu." Alicheka, lakini si kwa furaha. "Nilikasirika siku nzima. Mimi niliyeliandika."

Mwanatatu alimtazama vizuri, akijaribu kujua kama hilo nalo ni la kwenye orodha. Hakuweza kujua.

"Liondoeni bango."

"Litaondolewa mwisho wa mwezi, msimu ukiisha. La kusahihisha sina uwezo nalo. Ila, mama, kama una mzee anayekumbuka kwamba hapakuwa na siku, mlete arekodiwe. Nitajaribu kumsemea kwa bosi."

Mzee wa namna hiyo alikuwapo. Shangazi yake, Mwanasha, anakaa Ziwa la Ng'ombe kwa mjukuu wake, ana miaka themanini na kitu, na hupokea wageni akiwa amelala ubavu huku redio imemkaa sikioni. Mwanatatu alimsimulia yote, mwanzo hadi mwisho.

"Siku?" alisema Mwanasha. "Siku hakukuwa. Waongo hao."

"Basi utanisemea hivyo mbele yao?"

"Nitasema. Lakini mbona umekasirika hivyo? Kopo la poda wewe si ulilitaka?"

"Kopo gani?"

"La bluu. Siku ya posa yako."

Mwanatatu alikumbuka mara moja. Watu wa Mbwana walipoleta vitu vya posa, mama yake hakutazama kanga wala viatu. Alitafuta kopo la bluu la poda, akaligeuza, akakuta kifuniko kina ufa. Wajumbe walikuwa karibu kurudishwa. Mbwana mwenyewe alikwenda mguu mosi mguu pili mpaka akapata jingine, na wote wakasema huyu kijana ana heshima ya mila. Kopo hilo Mwanatatu analo hadi leo. Ndani yake huweka nyuzi.

"Ile ilikuwa mila, shangazi. Kila nyumba Jomvu ilifanya."

"Mila ya nani?" Mwanasha aliizima redio, jambo ambalo ni nadra. "Mimi nilikuwapo. Karibu na Uhuru, lilikuja gari lenye kipaza sauti, la mfanyabiashara mmoja kutoka kisiwani. Likasimama karibu na kisima. Wakatugawia makopo bure, wanawake wote, na bwana mmoja akaimba kwenye kipaza sauti kwamba biharusi asiye na kopo la bluu ameolewa nusu. Tukaangua kicheko. Mwaka wa pili hawakugawa tena, waliuza. Mwaka wa tatu mama yako akaanza kusema ni desturi ya wazee. Nikamwambia, wazee gani, si sisi hawa? Akanikasirikia mwezi mzima."

Mwanatatu alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alijaribu kukumbuka mambo mengine aliyoyashika kwa nguvu na kuwafundisha wengine kwa nguvu, rangi za kanga, idadi ya sahani, nani atangulie kuingia, na kila moja aliloligusa akaliuliza: nawe, uliletwa na gari gani?

"Nitakwenda kusema lini?" aliuliza shangazi yake.

"Nitakwambia," alisema Mwanatatu. Hakumwambia. Aliona kuwa bibi huyo, akishawekewa kidude karibu ya mdomo, atasimulia na habari ya kopo, na wale watu wataliokota kopo pia.

Bango liliondolewa Machi. Sanduku jekundu lilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa mpaka likafifia rangi, na siku moja halikuwapo. Mbwana alikuwa amelichukua akaenda kulitupa, wala hakuulizwa. Hawakuzungumza habari zake tena. Lakini Mbwana sasa haandiki jina lake hata kwenye risiti ya umeme kabla ya kumwonyesha mkewe, naye mkewe huisoma pande zote mbili.

Swabra na Ismail wao waliendelea kuishi pamoja, ila kuna kilichobadilika. Ismail aligombezwa vya kutosha Februari ile hata akajifunza siku. Mwaka uliofuata alinunua sanduku wiki nzima kabla, la ukubwa wa kati. Swabra alilitembeza kwa majirani. Na kwa kuwa wajibu ulikuwa umeshatimizwa kwa mwaka, Alhamisi Ismail akaanza kupita upande wa pili wa barabara, kwanza akipunga mkono, kisha bila kupunga. Mwanatatu huendelea kumwekea kikuba kimoja pembeni siku hiyo, kwa mazoea ya mkono, akakifungua tena kabla ya magharibi.

Februari ya mwaka huo uliofuata alimwomba Mbwana amwandikie kibao. Mbwana alichora herufi kwa rangi nyeupe juu ya kipande cha ubao: ASUMINI HAINA SIKU. Wakakitundika kwenye nguzo ya kibaraza, na Mwanatatu akahisi kwamba hatimaye amesema neno lake zima.

Siku ya pili akaja kijana mmoja kutoka kiwandani, Gedion, amevaa sare ya kazi, akasimama akikisoma.

"Mama, nataka kikuba cha mchumba wangu, Wanjiru. Ile mila yenu."

"Si mila. Soma hapo."

"Nimesoma. Niko na hamu nimwambie hivyo, lakini akiniona mkono mtupu siku hiyo ataniuliza niko na nani." Alicheka kwa wasiwasi. "Wewe nifungie tu."

Mwanatatu alimfungia. Alimwambia tena, polepole, kwamba hakuna siku, kwamba maneno yale yaliandikwa ofisini na mtu mwenye njaa ya mchana. Gedion aliitikia kwa kichwa kwa adabu, jinsi watu wanavyomwitikia mtu mzima anayesimulia ndoto. Alipokipokea kikuba, akatoa simu akakipiga kibao picha.

"Hilo tangazo lako kali sana, mama," alisema. "Nani amekutungia? Nitaliweka kwa grupu yetu, utapata wateja mpaka uchoke."

Aliondoka. Mwanatatu alikaa kidogo akitazama herufi nyeupe. Kisha akapanda juu ya kigoda, akafungua waya, akakishusha kibao.

Mbwana alikuwa akitoka uani na ndoo. "Mbona wakitoa? Kimeharibika?"

"Hakijaharibika," alisema Mwanatatu. "Kimeanza kufanana na chao."

Mbwana alikichukua kibao akakipeleka nyuma, kuzibia pengo la banda la kuku, uso wenye maandishi ukitazama ndani.